Mkweche wa Octavian, Sehemu ya Tisa: Mtu Asiyecheka

Ufunguo ulizunguka mara mbili. Mlango ukawa umefungwa kwa nje.

Ndivyo tulivyomwacha Penina wiki iliyopita, msomaji wangu: ndani ya ofisi ya yadi ya magari kule Kizota, barua ya wakili mkononi, uso kwa uso na Bwana Octavian, mtu aliyemuuzia gari lililokosa breki kwenye mteremko wa Kibakwe. Wengine wenu mlinipigia simu kuniuliza kama atatoka hai. Hebu tulieni! Octavian hajawahi kuua hata kuku. Anachinjiwa.

"Mbona unanifungia?" Penina aliuliza.

"Makelele ya nje, mtani wangu. Nataka usikie vizuri."

Octavian alichukua rimoti akawasha runinga ya ukutani. Penina akapigwa na butwaa. Aliyekuwa kwenye runinga ni yeye mwenyewe, amevaa gauni lake la kitenge la Jumapili, anacheka meno yote nje.

Ilikuwa video ya wiki sita zilizopita, siku aliponunua gari. Yadi ile ilikuwa na kawaida ya kumrekodi kila mteja na kumtupa mtandaoni, ili wengine waone wivu waje. Penina alisahau kabisa kwamba alirekodiwa.

"Mbukwa, Mgogo!" Octavian wa kwenye runinga alipaza sauti akimsalimia kwa Kigogo, ameegemea boneti.

"Kamwene, Mhehe!" Penina akarudisha kwa Kihehe.

"Mimi sikufichi, mama. Nakuuzia mkweche! Hili halina breki. Ukikuta mteremko, toa sala yako ya mwisho."

Watu wakaangua kicheko. Penina wa kwenye runinga akashika kiuno.

"Breki za nini? Mimi nimekulia juu ya punda. Uliona wapi punda ana breki? Lete funguo hapa kabla ninyi Wahehe hamjawala mbwa wa mtaa mzima!"

Vicheko tena, makofi, funguo zikarushwa, Penina akazidaka. Octavian akaisimamisha picha hapohapo.

"Nilikwambia halina breki," alisema taratibu. "Mbele ya watu. Wewe ukasema lete funguo. Halafu ukatia sahihi karatasi hii: nimelikagua gari, nimeelezwa hali yake, nimeridhika. Sasa huyo wakili wako anadai nini?"

"Ule ulikuwa utani, Octavian!"

"Nani kasema?"

Na nyie mnaojifanya wajanja huko majumbani, mngejibu nini? Mgogo na Mhehe ni watani tangu mababu zao walipochoka kupigana. Mtani atakuja msibani kwako acheke, ajilaze kaburini mpaka alipwe, atakunyang'anya sahani ukiwa unakula, atakuita mwizi mbele ya mkweo, na wewe ruhusa ya kununa huna. Ukisimama katikati ukauliza, "Lakini kweli?", umeshindwa, na utachekwa hadi sokoni. Nani kati yenu amewahi kumuuliza mtani kama anachosema ni kweli? Basi na Penina hakuuliza.

Octavian alisogeza karatasi nyingine mezani, na kalamu juu yake.

"Saini hapo kwamba huna madai yoyote kwangu. Mlinzi wangu Abuu atakufungulia."

"Nisiposaini?"

"Tutakaa. Mimi nina chai, nina runinga."

Penina alitazama dirisha. Nondo. Alitazama mlango. Kule Mpwapwa mdogo wake wa pekee, Obedi, alikuwa mahabusu siku ya kumi na moja kwa sababu ya gari hilihili. Penina ndiye aliyemtuma akachukue maharage Kibakwe kwa ajili ya chakula ambacho dada huyu huwauzia wafanyakazi wa ofisi za Mtumba. Kwenye kushuka mlima, pedeli ikazama hadi chini. Gari likamvamia mama mmoja, Emiliana, kando ya barabara, likamvunja miguu yote miwili. Siku ile Obedi alivua viatu pale kituoni kama wanavyovuliwa wote, akampa dada yake amshikie. Tangu siku hiyo Penina alikuwa akitembea navyo kwenye mfuko wa plastiki. Alijiapiza kwamba hatavirudisha nyumbani bila mwenyewe.

Na viatu vile ndivyo vilivyomtia wazimu. Aliviweka juu ya meza ya Octavian, juu ya karatasi. Kisha akajitupa chini kwenye zulia chali, akajifunika uso kwa khanga, akapiga yowe.

"Uwiii! Mtani wangu Octavian amekufa! Amekufaaa! Leteni sanda! Leteni koleo!"

"We mama, una kichaa?"

"Maiti inaongea! Uwiii! Sitoki kaburini humu mpaka nipewe changu!"

Nje kulikuwa na wateja wawili wenye tai shingoni, wamekuja kulipia gari. Waliposikia mwenye yadi amekufa walikimbilia mlangoni, wakakuta umefungwa.

"Kuna mtu humo? Mbona mmemfungia mama wa watu?"

Octavian alitokwa na jasho kama mtu aliyekalia jiko. "Abuu! Fungua! Fungua haraka!"

Mlinzi akafungua. Penina akainuka, akajikung'uta vumbi, akachukua mfuko wake wa viatu, akatoka kichwa juu. Mtani ana haki yake msibani, na marehemu hakatai.

Lakini alipofika getini Octavian alimwita, simu mkononi, ametulia tena.

"Video nimeshamtumia wakili wako. Mwambie aiangalie vizuri. Akimaliza, atakushauri uje kusaini mwenyewe."

Penina alikwenda moja kwa moja kwa wakili. Kwa sababu alijua Octavian habahatishi.

*

Wakili Scolastika ana ofisi Majengo, juu ya duka la magodoro. Ni mama mfupi, mkali, na hawezi kufikiri bila karanga za kukaanga. Aliitazama ile video mara tatu, akimenya.

"Wakili, sema chochote," Penina aliomba.

"Jana nilikwambiaje?"

"Uliniambia sheria iko upande wangu. Mtu akifanya biashara ya magari, gari analokuuzia lazima lifae kwa kazi uliyomweleza. Na mimi nilimweleza, natafuta gari la kubeba chakula na mizigo."

"Na ile karatasi ya 'nimeridhika'?"

"Ulisema haimlindi mtu aliyeficha ubovu. Ulisema naweza kulikataa gari nirudishiwe changu. Au nibaki nalo nidai fidia. Au nikalalamike kwenye tume ile ya kutetea walaji. Ulisema nina njia tatu, wakili!"

"Ulikuwa nazo." Scolastika alifuta mikono. "Sheria hiyohiyo inasema kasoro uliyoonyeshwa kabla ya kununua huwezi kuja kuilalamikia baadaye. Na huyu bwana anasema alikuonyesha. Ana picha, ana sauti, ana wewe mwenyewe unacheka. Utamweleza hakimu nini, kuhusu punda?"

Penina aliinamisha kichwa juu ya meza. Njia tatu, zote zimezibwa na kicheko chake mwenyewe.

Mara akasikia kicheko kingine. Alikuwa wakili, anacheka peke yake, karanga zikimwagika.

"Huyu Mhehe wako mjinga!" alisema, akivuta faili. "Sikiliza maelezo aliyowaandikia polisi wa Mpwapwa siku tatu baada ya ajali. Nakala ninayo. 'Gari lilitoka kwenye yadi yangu likiwa zima. Breki zote zilikuwa zinafanya kazi.' Umesikia? Kwa polisi anasema breki zilikuwepo. Kwako anasema alikwambia hazipo. Mtu mmoja, midomo miwili!"

Na hapa, kwa wale mliokuwa mkisinzia wiki mbili zilizopita, niwakumbushe jambo moja. Mkaguzi wa magari alipoingia chini ya lile gari alikuta bomba la breki za nyuma limezibwa kwa boliti. Gari zima lilikuwa linasimama kwa breki za mbele tu. Kwenye tambarare ya Dodoma huwezi kugundua, unatoka Kizota hadi Mtumba unapiga mluzi. Lakini milima ya Kibakwe haina utani. Breki za mbele zikapata moto, zikagoma. Kesi nzima ikawa swali moja: nani aliweka lile boliti? Polisi walimtazama Obedi, kwa kuwa ndiye dereva, na kwa kuwa aliwahi kushika spana gereji.

"Kwa hiyo video hii inamtoa Obedi!" Penina alisimama. "Inaonyesha Octavian alijua breki mbovu kabla Obedi hajaligusa gari!"

"Inamtoa."

"Basi twende Mpwapwa sasa hivi!"

"Kaa chini, Penina."

"Sikai! Mdogo wangu..."

"Kaa chini, nimesema."

Penina akakaa. Scolastika alilisogeza bakuli la karanga pembeni, na ukimwona wakili yule akisogeza karanga pembeni, jua mambo yameharibika.

"Ukienda na video hii polisi watakuuliza jambo moja tu. Yale maneno ya Octavian yalikuwa utani au kweli? Ukisema utani, basi hayathibitishi kwamba alijua chochote, alikuwa anapiga porojo tu. Yale maelezo yake yanabaki, boliti linabaki la Obedi. Ukisema kweli, alijua, na Obedi anapumua."

"Nitasema kweli."

"Basi na wewe ulijua. Mwenye gari kaambiwa halina breki, kapokea funguo anacheka, kamkabidhi mdogo wake, kamtuma mlimani. Yule mama amevunjika miguu. Unafikiri watamtoa Obedi nafasi yake ibaki wazi?"

Chini, muuza magodoro alikuwa akibishana na mteja kuhusu usafiri.

"Lakini mimi sikujua," Penina alisema kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, wakili, mimi nilidhani utani."

"Basi huo ndio ukweli wako. Na huo ndio unaombakiza Obedi ndani. Ijumaa kesi inatajwa."

Jamani, kuna kukamatika kama huku? Mdomo mmoja, maneno mawili, na kila neno lina mfungwa wake. Penina alilia bila aibu. Alipomaliza, aliomba aione ile video tena, mwenyewe hajui kwa nini. Labda alitaka kumwona yule Penina mwingine, mwenye furaha.

Safari hii hakujitazama yeye. Alitazama waliosimama nyuma.

"Simamisha," alisema ghafla. "Huyu ni nani?"

Watu saba walikuwa kwenye picha, wote vinywa wazi kwa kicheko. Mmoja hakucheka. Mtu mzima mwenye ovaroli ya bluu, spana mkononi, ametazama chini kwenye gurudumu la nyuma. La nyuma, msomaji wangu!

"Fundi wa yadi," Penina alinong'ona. "Faustini. Wa Chemba. Wiki tatu sasa hayupo pale yadini, Abuu aliniambia ameacha kazi, amekwenda kuvuna zabibu Makutupora."

Scolastika akalirudisha lile bakuli la karanga.

"Mlete huyo. Kama ndiye aliyefunga boliti kwa amri ya Octavian, hatuhitaji video wala utani. Obedi anatoka, na wewe unabaki hujui kitu. Mlete, Penina, hata kama ni kwa kumbeba!"

*

Makutupora jua lilikuwa kali na mashamba yamejaa wavunaji. Penina alimlipa bodaboda amsubiri, akatembea mstari kwa mstari akiuliza, mpaka akamwona. Ovaroli ileile ya bluu. Alikuwa akikata vichala na kuvipanga kwenye kreti, polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga skrubu.

"Habari za kazi, Faustini."

Mkasi ukasimama. Hakugeuka.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilisikia habari ya Kibakwe. Yule mama, anatembea?"

"Hatembei."

"Eee." Aliweka mkasi chini. "Mimi silali, dada."

"Boliti aliweka nani?"

"Mimi." Alisema bila kuzungusha. "Bomba lilikuwa linavuja. Bosi akasema bomba jipya la nini, ziba, gari litoke. Nikaziba. Nikasema, bosi, huyu mama aambiwe. Akasema, nitamwambia mwenyewe. Ndiyo akakwambia vile, kwa kucheka. Nikaona hii siyo kuambia mtu."

Penina alishika mti wa zabibu asianguke. Huyu hapa! Ushahidi wenyewe, na pumzi anavuta!

"Faustini, ndugu yangu, twende Mpwapwa ukaseme hayohayo. Mdogo wangu anaozea ndani kwa kosa lako na la Octavian."

"Nikisema, na mimi nafungwa."

"Ulisema hulali."

Faustini alikaa juu ya kreti tupu. Simu yake ikaita mfukoni. Aliitoa, akaitazama, akairudisha bila kupokea. Penina aliwahi kuona jina: Bosi.

"Tangu asubuhi anapiga," Faustini alisema. "Anasema nirudi kazini, atanipa gereji yangu. Sijapokea." Aliokota mkasi wake. "Nitakwenda, dada. Lakini nikienda nitasema yote. Siwezi kusema nusu, kichwa changu hakishiki nusu."

"Sema yote! Nani kakukataza?"

"Hata ile ya getini?"

"Ipi ya getini?"

Hapo ndipo Faustini alipomtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Siku ile ulipotoka na gari, nilikufuata mpaka getini. Nikagonga kioo. Nikasema, dada, breki za nyuma nimeziba mimi. Usipeleke mlimani. Tafuta fundi afungue kwanza. Hukumbuki?"

Penina alifungua kinywa aseme hakumbuki, na hapohapo akakumbuka.

Alikumbuka kioo. Alikumbuka vidole vyenye grisi. Alikumbuka alivyocheka, bado ana moto wa utani kichwani, akamjibu mbele ya Abuu: "Hata wewe wa Chemba umeshafundishwa na Mhehe wako? Mwambie nimefika nyumbani salama!" Akapiga honi, akaondoka. Na wiki nne baadaye akamwambia Obedi, chukua gari uende Kibakwe.

"Nilidhani..." alianza. "Nilidhani na wewe unanitania."

"Utani ni wenu wawili, wewe na bosi," Faustini alisema kwa upole. "Mimi sikuwemo. Mimi nilikwambia."

Wavunaji waliendelea na kazi yao, mkasi huku, kreti kule. Penina alisimama katikati ya mistari miwili ya zabibu, na miti ile ilikuwa mirefu kumpita, haoni mwanzo wala mwisho. Shahidi pekee wa kumtoa Obedi ndiye shahidi pekee wa kumwingiza yeye. Na hapa hakuna tena kujitetea kwa utani. Ameambiwa kweli, na mtu wa kweli, akaenda zake anacheka.

Nikwambieni ukweli, aliwaza kumwacha. Msimhukumu. Aliwaza kugeuka, kupanda bodaboda, kumwambia wakili kwamba fundi hakuonekana. Obedi angepata miaka michache, angetoka bado kijana. Na yeye ana watoto watatu, ana sufuria zake, ana wateja. Aliwaza yote hayo kwa muda wa kukata kichala kimoja.

Kisha mfuko wa plastiki ukamteleza mkononi, kiatu kimoja cha Obedi kikadondoka kwenye udongo. Soli imelika upande mmoja, kama alivyotembea tangu mtoto, upande upande. Penina alikiokota akakipangusa kwa khanga.

"Bado unataka niende?" Faustini aliuliza.

"Kanawe mikono," Penina alisema. "Basi la Mpwapwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nitakungoja stendi."

*

Afande Anjelina, mpelelezi wa kesi ile, ni mwanamke asiye na haraka. Anaandika kwa mkono, herufi kubwa, na huwa hainui uso mpaka afike nukta.

"Huyu ni nani?" aliuliza, uso bado kwenye karatasi.

"Shikamoo, afande. Huyu ni fundi aliyefunga lile boliti. Amekuja kutoa maelezo."

Kalamu ikasimama. Afande aliinua uso kabla ya nukta.

"Amekuja mwenyewe?"

"Mwenyewe," Faustini alisema.

"Keti."

Faustini alieleza. Bomba, boliti, amri ya Octavian, kicheko cha yadini. Alieleza kama alivyovuna zabibu, neno kwa neno, na afande akiandika. Penina alisimama ukutani akihesabu pumzi zake. Nyuma ya mlango wa chuma, upande wa kulia, alijua Obedi yuko. Siku hiyo alikuwa ameletwa pale kituoni kwa mahojiano. Aliweza kusikia kikohozi chake.

Faustini alifika kwenye geti. Akasita, akamtazama Penina.

"Endelea," afande alisema. "Mama akatoka na gari. Halafu?"

"Halafu..." Faustini alianza.

"Halafu alinifuata akaniambia," Penina alisema mwenyewe. "Aliniambia breki za nyuma zimezibwa. Aliniambia nisipeleke gari mlimani. Nilicheka, afande. Nikampa Obedi funguo, sikumwambia neno. Obedi hakujua kitu."

Afande Anjelina aliweka kalamu chini.

"Mama, unaelewa unachosema? Nilidhani umeniletea shahidi wako."

"Siyo wangu. Ni wa mdogo wangu."

"Dada?" Sauti ilitoka nyuma ya mlango wa chuma. "Dada Penina, ni wewe? Unasema nini huko? Dada, nyamaza!"

Penina hakunyamaza, maana alikuwa amekwisha kusema. Machozi yalimtoka bila kilio. Aliufungua mfuko wa plastiki, akavitoa viatu, akaviweka mezani mbele ya afande, vidole vikitazama mlangoni.

"Mtamvalisha akitoka," alisema.

Afande hakuwa mwanamke mbaya. Lakini alivuta karatasi mpya kutoka mtotoni mwa meza.

"Nitakuandika maelezo ya onyo, mama, kama mtuhumiwa. Unaweza kumpigia wakili wako. Lakini kwanza huyu fundi amalizie ya kwake, bila hayo siwezi kumgusa Octavian wala kumtoa mtu. Wewe vua viatu, ukae kwenye benchi lile."

Benchi lilelile alilokaa Obedi. Penina aliinama akavua cha kushoto, akavua cha kulia. Sakafu ilikuwa ya baridi. Alivishika mkononi, akagundua hana wa kumpa.

"Unajua kuandika?" afande alimuuliza Faustini.

"Kidogo. Nitaweka dole gumba."

Afande alifungua kidau cha wino, akamgeuzia karatasi. Kurasa tatu, kila kitu kimo: boliti, amri, geti. Kilichobaki ni alama moja, chini, mahali palipowekwa msalaba. Faustini alichovya kidole gumba, akakiinua juu ya karatasi.

Simu yake ikaanza kuita juu ya meza. Wote watatu waliliona jina kwenye kioo: Bosi.

"Acha iite," Penina alisema kutoka benchini. "Faustini, acha iite! Weka kwanza!"

Faustini aliitazama simu. Aliitazama karatasi. Alimtazama Penina, peku, viatu mapajani, maneno yake yote ameshayamaliza. Nyuma ya mlango wa chuma Obedi alikuwa akigonga na kuita.

Kisha Faustini akafuta wino kwenye suruali yake, akapokea simu.